Ya Mezani au ya Mapajani

Jumatano, 2 Septemba 1998

Uji, watoto shule, kufagia. Kisha barua mbili za watu. Taipureta ni ile niliyopewa na ushirika waliponipunguza kazini. Herufi a imekatika mkono tangu Juni, kwa hiyo kila a naijazia kwa kalamu. Kiswahili kina a nyingi kupita kiasi. Mwenye barua ya pili ameitazama, akasema atarudi. Hatarudi.

Leo siku ya kumi na nane tangu Baba Kulwa afariki kambini huko Geita. Malaria, siku tatu, basi. Watu wanauliza naendeleaje, nasema namshukuru Mungu. Uongo mtupu. Sisikii kitu. Nipo tu.

Ijumaa, 4 Septemba

Barua kutoka kambini kwake. Waliokuwa wakitafuta dhahabu wanafunga ofisi. Wanasema marehemu alikuwa karani mwaminifu wa sampuli za mawe, na wanataka kumpa mjane kitu kimoja cha ofisi. Nichague mwenyewe: kompyuta ya mezani aliyokuwa akitumia yeye, au ile ya mapajani ya bosi wake. Nijibu kabla ya tarehe kumi na tano, gari lao litashusha. Juu ya bahasha jina langu kamili, si "Mama Kulwa".

Nimeisoma mara tatu. Nikaenda kuchagua mchele.

Kompyuta naijua. Ushirika walitupeleka kozi Mwanza wiki sita, tuliporudi wakatufukuza. Nikiwa nayo napiga chapa hapa hapa nyumbani, watoto wanakula. Nisipokuwa nayo najua yatakayofuata. Arobaini itafanyika Jumamosi ya tarehe 26. Ukoo wake utakuja, utaona sina kazi, utasema mjane hawezi kukaa mjini peke yake na watoto wao. Nitapelekwa Songwa kwa Shemeji Masanja, kaka yake marehemu. Ana wake wawili. Atanirithi niwe wa tatu. Si mtu mbaya. Simtaki.

Jumapili, 6 Septemba

Baada ya ibada nimepita kwa Mama Zulekha, yule Mhindi wa duka la madaftari. Ana kompyuta ya mezani dukani. Ameniambia nisiwe mjinga, nichukue ya mapajani. Umeme wa Shinyanga ukikatika ya mezani inazimika na kazi yote inapotea, na yeye amepoteza asubuhi nzima mara ngapi sijui. Ya mapajani ina betri, inakaa saa mbili. Tena unaifungia sandukuni.

Fundi redio wa jirani amesema kinyume. Ya mapajani ikifa, wa kuifungua yuko Dar es Salaam. Ya mezani ataifungua yeye mwenyewe kwa bisibisi, atapuliza vumbi, itaamka. Tena watoto hawawezi kuiangusha.

Kila mtu na akili yake. Nimerudi nyumbani na kichwa kile kile.

Jumanne, 8 Septemba

Nimewaza arobaini ya baba yangu, kule Kahama. Kwetu siku ya kugawa, mjane anamkabidhi wifi yake funguo zote. Hakuna sanduku linalobaki limefungwa. Redio ilichukuliwa, baiskeli, koti, saa, hata panga. Kila kilichoshikika mkononi kiliondoka kabla ya chakula cha mchana. Kabati na kitanda vilibaki, kwa sababu havikupita mlango wa basi. Mpaka leo mama anaweka sahani katika kabati lile.

Kwa hiyo ile ya betri ndiyo itakayopotea kwanza. Inaingia kwenye kikapu.

Nimeamua. Ya mezani. Ukoo mzima na ujaribu kuibeba.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimetuma jibu. Ndizi na maharage. Doto ana mafua.

Jumatano, 16 Septemba

Imefika. Dereva wa kambi na mwenzake waliibeba kwa zamu. Kioo peke yake kinamwelemea mtu mzima, na nyuma kina kisogo kirefu. Nimefurahi kuona wanavyohema. Meza ya chakula imejaa yote: kioo, boksi lenyewe, kibodi, kipanya, na stabilaiza ya kutuliza umeme.

Imewaka. Nimeandika majina ya watoto. A zote zimetoka. Vidole vimekumbuka kila kitu, mimi nikivitazama tu vinavyokimbia. Kibodi ina alama ya kidole gumba cha Baba Kulwa kwenye kile kitufe kirefu, imesuguliwa ikang'aa. Nilitegemea nitalia. Sikulia.

Jumamosi, 19 Septemba

Wateja wanne wiki hii. Kanuni za kikundi cha akina mama, barua ya kuomba kazi, ratiba ya harusi, malalamiko ya mtu juu ya mpaka wa shamba. Naandika hapa, naweka kwenye disketi, Mama Zulekha ananitolea kwenye karatasi. Umeme umekatika mara mbili, ratiba ya harusi imepotea, nimeiandika upya. Hewala. Angalau nina kazi. Watakaokuja wataikuta.

Ijumaa, 25 Septemba

Wameanza kuwasili. Wifi Minza amekuja kutoka Tinde na mchele na kuku wawili. Nimempa funguo. Amezipokea bila kunitazama. Shemeji Masanja amesimama mbele ya kompyuta muda mrefu, akauliza kama inashika na mpira wa miguu. Nimemwambia si televisheni. Akatikisa kichwa kama mtu anayefichwa jambo.

Jumamosi, 26 Septemba

Arobaini. Niandike yote kabla sijachanganya.

Ibada, chakula, kisha kugawa. Msimamizi ni Baba Mkubwa Ng'wandu, kaka wa marehemu mkwe wangu. Mzee mtaratibu, hajawahi kumdhulumu mtu, na kila mtu anajua. Nguo ziliisha upesi. Baiskeli. Redio. Kisha akanyoosha fimbo mezani, akauliza ile mashine ni ya nani.

Nikatoa barua. Akaomba isomwe mara mbili. Akakubali kuwa jina ni langu, akaniita mama kwa Kisukuma:

"Mayu, barua ni yako. Kazi ilikuwa ya nani?"

"Ya marehemu."

"Basi."

Nikaikunja barua.

Hapo nikangoja washindwe kuibeba. Mzee hakuwaza kubeba. Aligawa kama agawavyo ng'ombe wa msiba, kila ndugu na fungu lake ili pasiwe na kinyongo. Mkubwa hupewa kichwa, kwa hiyo kioo kwa Masanja. Boksi kwa Luhende, mdogo wao anayechimba dhahabu Geita. Kibodi kwa Minza. Stabilaiza kwake mwenyewe, kwa kuwa ni mzee na amekuja kutoka mbali. Kipanya hakuna aliyekitaka.

Nikapiga magoti, nikaeleza kwamba ni kitu kimoja, kikitenganishwa hakifanyi kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana heshima, lazima niseme. Kisha akasema, "Kingekuwa kimoja, kisingechomoka." Na Luhende alikuwa tayari anachomoa waya.

Mimi nimeachiwa kitanda, kabati, meza, na nyumba mpaka hapo ukoo utakapokaa tena. Kioo kilipakiwa juu ya basi kimefungwa ndani ya godoro. Kilipita vizuri kabisa. Nilipima uzito, sikuhesabu vipande. Mjinga mimi.

Jumatatu, 28 Septemba

Nimefua. Wateja wawili wamekuja, nimewarudisha.

Jumatano, 30 Septemba

Habari kutoka Songwa: kioo cha Masanja ni cheusi. Ameweka hadi antena. Na boksi la Luhende linanguruma tu bila kuonyesha kitu, anadhani nimelifunga kwa dawa. Nimecheka. Kicheko kimetoka kama kikohozi, Kulwa akaniletea maji.

Jumapili, 4 Oktoba

Baba Mkubwa amekuja na Masanja. Shikamoo, marahaba, chai. Nilidhani wamekuja kurudisha. Moyo ulidunda kidogo, nakiri.

Mzee amekiri kosa. Amesema hajui mambo ya mashine, na mtu asiyejua akigawa anaharibu. Amekwisha agiza vipande vyote vikusanywe Songwa, kwa Masanja, kule umeme haukatiki ovyo. Vitawekwa mezani kama vilivyokuwa. Kisha akanywa chai yake yote, akaweka kikombe chini.

"Kinachopungua sasa ni wewe tu, mayu. Wewe ndiye unayeijua."

Masanja alikuwa anatazama viatu vyake. Wamenipa wiki moja nitafakari. Wamesema watoto watasoma huko, nitapiga chapa, wateja watanifuata, nitakuwa na kwangu ndani ya boma. Hakuna neno lililosemwa kwa ubaya.

Nina hasira. Naiandika ili niione.

Jumanne, 6 Oktoba

Nikienda, naipata kompyuta nzima pamoja na mume. Nikikataa, sina hiki wala kile, na huenda nyumba ikazungumzwa. Kuna muda naona heri niende tu. Mtu aliyekufa ganzi hachagui mahali pa kukaa. Halafu namwona Masanja na antena yake.

Jumatano, 7 Oktoba

Mama Zulekha amesikia. Amefoka mbele ya wateja kwamba alinionya. Kisha amesema mpwa wake anapiga chapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa, niende kila siku asubuhi hadi adhuhuri nifanye kazi yake na ya wateja wangu. Sijamjibu. Si kazi ya nyumbani. Lakini watoto asubuhi wako shule.

Ijumaa, 9 Oktoba

Saa nane mchana Wifi Minza kafika, peke yake, bila taarifa. Amebeba kitu kimefungwa kwenye khanga. Kibodi. Ameambiwa aipeleke Songwa, ameshuka huku. Ameiweka mezani, akakunja khanga yake vizuri, akakaa.

Tumekunywa chai. Tumeongea habari za mvua, kwamba Tinde bado kukavu. Ameuliza watoto wana nafasi ya ngapi darasani. Nimemsindikiza hadi barabarani. Basi lilipokaribia akasema, bila kugeuka:

"Mimi nilirithiwa, wifi."

Akapanda. Miaka tisa namjua, sikujua.

Jumamosi, 10 Oktoba

Asubuhi tulivu. Watoto kisimani. Kibodi iko mezani, waya wake unaning'inia bila pa kwenda.

Nimekaa mbele yake, nikampigia chapa Baba Mkubwa barua nzima. Kuanzia shikamoo. Hakuna kilichotokea popote, ila niliijua kila sentensi ilipofika. Nilitaka kwanza vidole vikubali. Vimekubali, havikusita hata mahali pamoja.

Kisha nimeiandika kwa kalamu. Kwamba wabeja, asante, kwa kunifikiria. Kwamba sitakwenda Songwa, na sitarithiwa na mtu. Kwamba vipande vingine ni vyao, ila kibodi anabaki nayo mjane. Kwamba watoto ni wa ukoo na watakuja likizo kuwasalimu, nami nitabaki nyumbani kwangu. Imetosha ukurasa mmoja. Nimesaini kwa jina langu kamili.

Nimeipeleka stendi, nimempa kondakta wa basi la Songwa mkononi. Ameiweka kwenye mfuko wa shati. Basi limeondoka saa tano kasoro. Nimepita kwa Mama Zulekha kumwambia naanza Jumatatu, nikanunua nyanya na kitunguu, nikarudi.