Mnyororo wa Mashine ya Mulki

Waberi, Garissa

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Mama. Goti limepata nafuu? Mimi mwili ni mzima, ila joto la hapa halina haya.

Ulitaka kujua kuhusu mashine. Wewe na marehemu mjomba mlipasua mbao shimoni, mmoja juu, mwingine chini akila vumbi. Kisha ikaja mashine ya meza, mkasukuma gogo kwa tumbo. Hii ya Mulki, mama aliyeniajiri, huvutwa na gari hadi mti ulipo. Gogo limelala tuli. Kichwa chenye msumeno ndicho kinachotembea juu ya reli. Tulikisogeza kwa kuzungusha mkono wa chuma, na gogo likiwa gumu nilisikia uzito begani nikapunguza mwendo. Mwaka huu Mulki akafunga mota na mnyororo wa kukivuta. Mota haisikii kitu, Baba.

Nasi tunapasua mathenge, ile miti ya miiba, iliyoota kwenye maboma ya zamani ya mifugo. Wafugaji walifunga seng'enge kwenye miti hiyo, ikakua ikaimeza. Mwezi uliopita msumeno ulikutana na waya, mota ikazidi kuvuta, msumeno ukakatika ukapita karibu na shingo ya Sugow, mwenzangu wa kazi. Tangu hapo naacha chakula nusu sahani. Nilimsihi Mulki turudie mkono wa chuma; akasema woga wangu hautamaliza madawati ya shule tuliyoagizwa.

Kisha mnyororo ukapotea. Mulki akamshuku Sugow, akamtaka aape kwa Msahafu mbele ya wazee. Sugow akakataa. Aliniambia hana hatia, ila baba yake aliwalea wakiogopa kiapo, hata cha kweli. Sasa watu wanasema aliyekataa kuapa ndiye mwizi, na kesho anafukuzwa.

Baba, mnyororo ninao mimi. Nimeufunga kwenye kanga chini ya godoro. Niliuchukua ili tusife. Naogopa kuurudisha, naogopa kukaa nao, na zaidi naogopa macho ya Sugow, maana jana aliniletea maziwa ya ngamia akidhani ninaumwa.

Asubuhi nitaupeleka mbele ya wote. Nitaomba jambo moja tu: siku watakapoufunga tena, Mulki mwenyewe asimame pale aliposimama Sugow msumeno ulipokatika.

Msalimie Mama, na majirani wote wanaoniulizia. Mwambie asishtuke akiniona nyumbani kabla ya Krismasi. Niombeeni.

Ni mimi binti yako,
Mwende