Firigisi ya Kasulu

Kibondo,
Jumatano

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi na redio yako, goti limetulia, na Mama bado anakugombeza kwa sababu ya chumvi. Mimi ni mzima wa mwili. Huku mvua zinanyesha, barabara zimegeuka tope jekundu, na ng'ombe wa watu wananikimbiza vijijini kutwa nzima, ndiyo kazi ya bwana mifugo. Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Ukipigiwa simu unaweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza, na haya ninayotaka kukuambia ni yako peke yako.

Bila shaka mkweo Verediana amekwisha kukusimulia kwamba alikuja na watoto shule zilipofunga, tukapumzika Kasulu. Chumba changu cha hapa Kibondo hakiwezi kupokea watu wanne. Mwenzangu Nurudini, bwana shamba wa Kasulu, alikwenda kwao Tanga kwa likizo akaniachia funguo za nyumba yake. Ni nyumba nzuri, iko juu mlimani, na asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Nilitangulia kwenda kufagia na kununua maharage, mawese na samaki wa migebuka. Nilitandika vitanda mwenyewe, Baba, mimi ambaye Mama alikuwa akinifukuza na mwiko kwa uvivu.

Walifika Ijumaa jioni. Nathaniel amenipita kimo. Careen amekuwa msichana wa kupika na kuamuru, sauti yake ni ya Mama kabisa. Walinisalimia vizuri, kwa adabu, kama wanavyomsalimia mwalimu. Nilitaka kuwakumbatia, lakini mikono yao ilikuwa na mizigo, na walipoitua nikaona wakati umekwisha kupita.

Jumamosi asubuhi tulishuka sokoni. Majirani walituamkia kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, watoto wakacheka na kujifunza kuitikia. Verediana na watoto walitangulia wakiongea mambo yao ya nyumbani: mwalimu fulani, mbwa wa jirani, bomba lililopasuka ambalo Nathaniel alilifunga kwa mpira wa baiskeli. Mimi nilikuwa nyuma na kapu. Tulipokaa kunywa chai kwa Chantal, mama mmoja wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, alimimina vikombe vitatu, kisha akamuuliza Verediana, "Mama, na shofere wenu, yeye pia atakunywa?" Alinidhania dereva wao! Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Nami nilicheka, tena kuliko wote.

Mchana nilichinja jogoo. Nilikuwa na sababu yangu ya kumchinja, nitakueleza. Careen alimpika kwa mawese, akamgawa yeye mwenyewe. Unajua kwetu firigisi ni ya nani. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba baba mwenye nyumba akishaila ndipo huzungumza, na watu husikiliza. Basi nikakaa sawasawa, maneno yangu nimeyapanga.

Careen aliiweka kwenye sahani ya Nathaniel. Hakufikiri, Baba. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kila wanapopata kuku nyumbani. Naye Nathaniel aliila huku akizungumza, hakuitazama hata kidogo. Verediana ndiye aliyestuka wa kwanza, tonge likiwa hewani. Careen alipoona uso wa mama yake akaelewa, machozi yakamlengalenga, akasema amesahau, kwamba nyumbani huwa ni ya kaka. Nathaniel aliacha kutafuna. Nikawaambia wasijali, daktari amenikataza firigisi. Wakapumua, wakacheka, wakaendelea kula. Huko kupumua kwao ndiko kulikoniumiza.

Jumapili tulipanda mpaka kileleni, tukapiga picha. Walifurahi, nami nilifurahi kuwaona wakifurahi. Jumatatu niliwasindikiza kwenye basi. Nathaniel alimbebea mama yake begi, akamtafutia kiti cha dirishani, kisha akashuka kunipa mkono akaniambia nisiwe na wasiwasi na nyumbani, yeye yupo. Alisema kwa upendo. Basi lilipoondoka nilirudi kuzitandua zile shuka, nikakaa kitandani kwa Nurudini nikalia.

Sasa nisikilize. Uhamisho wangu umekubaliwa. Mkuu wangu alinipigia simu kabla hawajaja, nafasi ipo Muleba, karibu na nyumbani, na anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Hilo ndilo nililotaka kulitangaza nikishakula firigisi. Sikulitangaza, na mpaka leo hakuna anayejua ila wewe. Miaka yote hii nimewaambia naomba kurudi, na ni kweli nimeomba. Sasa mlango umefunguliwa, naogopa kuingia. Nyumba yangu inakwenda vizuri bila mimi, Baba. Sijui nitakaa wapi humo ndani.

Nimeikumbuka siku uliyorudi nyumbani kabisa, baada ya kuacha kazi ya kiwandani Mwanza. Mama alikuwekea firigisi. Ukaniona ninavyoitazama, maana miaka ile nilikuwa naila mimi, ukaichukua kwa vidole ukaiweka kwenye sahani yangu, ukasema, "Kula, umeshazoea." Nilifurahi sana. Nikala, wala sikukutazama usoni. Jioni yake ulikaa kwenye benchi la mlangoni na viatu vyako miguuni, kesho yake pia, na siku nyingi baadaye, nasi tukadhani unapenda upepo.

Niambie uliingiaje ndani. Ilianza na nini? Nani alikuita? Mkono ukikataa kuandika, mwambie mtu unayemwamini akuandikie, ila si Nathaniel. Nitakalolisikia kwako ndilo nitakalomjibu mkuu wangu.

Nisalimie majirani wote, na shangazi akija. Msalimie Mama sana. Na ikiwa nitakuja, mwambie asinichinjie kuku. Ndizi na maharage vinatosha.

Mwanao akupendaye,
Longinus