Jiwe la Nne

Jumamosi jioni, mvua bado inanyesha.

Mama mkwe hajanigombeza. Afadhali angenigombeza.

Njia yenyewe nilimtengenezea yeye, asiteleze kwenye nyasi akienda kukamua. Mawe bapa kumi na moja, kutoka mlango wa jikoni hadi bandani. Mahali pa jiwe la nne palikuwa na shina la masale, limeota peke yake katikati ya nyasi. Nikaling'oa, nikalitupa jalalani. Kwetu Singida ni mmea wa kupambia tu.

Mama aliporudi kutoka sokoni Tengeru alisimama pale. "Mwanangu, nani kaling'oa?"

"Mimi, mama."

Akaenda jalalani, akaliokota, akalifuta matope kwa khanga yake.

Ndipo Elia, mume wangu, akaniambia kwamba pale amezikwa pacha wake, aliyeishi siku tatu, na masale ndiyo alama ya kaburi. Elia huyuhuyu aliyenibebea lile jiwe!

"Mbona hukusema?"

"Nilisahau."

Mama alikuwa mlangoni. Alisikia.

Jiwe nimeliondoa. Masale tumeyarudishia, sijui kama yatashika. Jioni mama kaenda kukamua kwa kupitia kwenye matope, ndoo mkononi, na yale mawe kumi hakukanyaga hata moja.