Herufi Nilizozitia Motoni

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu hadi saa nne, kisha jua la kutazama tu, joto halina. Vidole vina ganzi lakini naandika.

Daftari, wiki hii nimeharibu kazi. Nakuambia wewe kwa sababu wewe hucheki.

Ila mtu asije akadhani mimi si fundi. Magunia ya mahindi yaliyotoka ghala la ushirika hapa Njombe, miaka yote ile, maandishi yake ni mkono wangu. Nilikuwa nakata herufi kwenye bati kwa patasi, nalaza bati juu ya gunia, napitisha brashi ya rangi nyeusi. Gunia likifika Dar es Salaam wanajua limetoka wapi. Shule niliyosoma ni ile ya jioni ya watu wazima, na mwalimu mwenyewe alikiri kwamba herufi zangu zimenyooka kuliko zake.

Sasa ghala limefungwa, na lile duka la ushirika lenye dirisha kubwa la kioo wamepangishwa watu. Mpangaji ni binti yangu Imakulata. Siku hizi kila kitu ruksa, naye anakodisha magauni ya harusi. Anayo matatu, kayashona mwenyewe. Mavuno yameingia, harusi zimeanza, na leo walikuwa wanakuja watu wa Kifanya kuchagua gauni la binti yao. Ndio wateja wake wa kwanza. Duka hawalijui. Waliambiwa watafute dirisha lililoandikwa MAGAUNI YA HARUSI.

Dirisha lilikuwa halina hata nukta.

Ima alishapatana na fundi mabango wa Makambako, yule anayekata plastiki ya kubandika na kuremba malori. Mimi nikakataa. Mtu atoke Makambako kuja kumwandikia binti yangu, na mimi baba yake nimekaa hapa naota moto? Nikasema nitakata mwenyewe. Ima akasema, "Sawa, baba. Nakuachia wewe." Fundi akaambiwa asije.

Jumanne nikaenda Makambako. Plastiki niliipata kwa Bwana Saidi, muuza vipuri vya malori. Nyekundu, nyuma ina gundi, na gundi imefunikwa karatasi. Kilikuwa kipande cha mwisho, mzigo mwingine alikuwa anautegemea wiki ijayo. Akanishauri nikate kwanza herufi moja nijaribu.

"Bwana Saidi, wewe uza," nikamwambia. "Ya kukata niachie."

"Haya mzee wangu, mimi nauza."

Jumatano nilikata kutwa. Wembe niliufunga kitambaa upande mmoja, nikapiga mistari kwa rula na chaki, nikaanza. Nilikata taratibu, na kila A niliiachia vipande viwili vyembamba vya kushikilia lile tumbo lake lisidondoke. Kwenye bati tunaviita madaraja. Nasema kweli, kingo za herufi zile zilikuwa safi kama zimekatwa kwa mashine.

Kila kilichotoka nilikitupa kwenye jiko la mkaa miguuni pangu. Sipendi uchafu mezani. Mke wangu akaja kaziba pua.

"Baba Ima, unachoma nini?"

"Takataka."

"Takataka nyekundu hivyo?"

Nikamwambia kazi hii haijui.

Alhamisi asubuhi nikaenda dukani mapema, Ima alikuwa sokoni kutafuta uzi. Nikaifungua plastiki mbele ya dirisha, nikatafuta herufi nianze kubandika.

Hazikuwepo.

Nilisimama pale na shuka jekundu lenye matundu mkononi. Kwenye bati, tundu ndiyo herufi. Kinachotoka ni cha kutupa, unabaki na bati. Kwenye plastiki ya kubandika ni kinyume, kinachotoka ndiyo herufi yenyewe. Mikono yangu ilifanya kazi yake ya miaka yote bila kuniuliza, na mimi nikaisifu. Herufi zote kumi na tano nilikuwa nimeziota moto.

Hapo ndipo kosa la pili, na ndilo kubwa. Ilikuwa Alhamisi. Ningemwambia Ima palepale, fundi wa Makambako angeweza kupanda gari akafika Ijumaa.

Sikumwambia.

Nilibandika lile shuka lenye matundu. Kioo kilikuwa kinatoka jasho kwa baridi, nikakipangusa kwa gunia, nikaja na pasi ya mkaa ya Ima nikaipitisha juu ya kitambaa hadi kioo kikapata uvuguvugu. Nikapaka maji ya sabuni, nikalaza plastiki, nikasukuma maji nje kwa kipande cha kandambili. Penye mapovu nilitoboa kwa sindano. Hakuna mkunjo hata mmoja, nenda katazame.

Ima akarudi. Akasimama barabarani na kikapu.

"Baba, herufi ziko wapi?"

"Si hizo."

"Mimi naona matundu."

"Tundu ndiyo herufi."

"Limekuwa kama gunia la serikali, baba. Na watu wanakuja kutafuta gauni la harusi."

Nikamwambia ndivyo wanavyofanya siku hizi Mbeya mjini. Mbeya sijafika tangu ghala lifungwe. Nilimdanganya mwanangu uso kwa uso.

Tatizo ni kwamba ndani ya duka mna giza. Ukiwa barabarani unaona wekundu na weusi, kusoma huwezi. Ima aliingia ndani, akachukua gauni kubwa kuliko yote, lile lenye mkia mrefu, akalitandaza nyuma ya kioo. Matundu yote yakajaa weupe. Nikavuka barabara nikatazama. MAGAUNI YA HARUSI, meupe juu ya nyekundu, unasoma ukiwa mbali kabisa. Sikuwahi kufikiria hilo. Ni akili ya Ima tupu.

Ijumaa majirani walipita wakisifu, na mimi nilipokea sifa zote.

Leo saa nne wakaja watu wa Kifanya, bibi harusi na shangazi yake. Shangazi alinijua, aliwahi kuleta mahindi ghalani.

"Kamwene, Baba Ima. Nilipoona hizi herufi nikajua tumepotea, tumerudi kwenye mzani."

"Kamwene. Hukupotea, mama. Ingia."

"Basi nisije nikavishwa gunia."

Walicheka, hata Ima alicheka. Binti akajaribu gauni la kwanza, akajaribu la pili, akageuka akaonyesha dirishani. Anataka lile. Si jingine, lile. Likaondolewa kwenye kioo, akalivaa, likamkaa kama lilishonwa juu yake. Shangazi akafuta machozi. Likafungwa kwenye khanga, likaenda Kifanya, na halirudi hadi harusi ipite.

Dirisha likazima.

Ima alitoka nje akasimama tena pale barabarani. Nilimfuata. Alisema atatundika shuka la kitandani kwa sasa, hayo magauni mawili ni mafupi, hayajazi. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionishinda. Angefoka ningefoka.

Nikamwambia yote. Jiko, herufi, Mbeya.

"Najua, baba," akasema. "Jana jioni mama aliniletea H aliyoikuta kwenye majivu. Imeungua mguu mmoja."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

"Na kama nisingesema?"

"Jumatatu ningemwita fundi. Na kazi ya duka hili nisingekupa tena."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja siku ya soko. Mimi ghalani nilibishana na mameneja wanne na hakuna aliyenishinda. Leo kanishinda binti yangu.

Nikamuuliza sasa je. Akasema sasa nimesema, kwa hiyo plastiki nitaifuata mimi. Kisha akaingia kutundika shuka.

Fundi haji, basi. Mzigo wa Bwana Saidi ukiingia nitakuwa Makambako siku hiyohiyo, na nitakata mwenyewe. Mkono wangu bado ni ule ule, hilo siliondoi. Lakini nitapeleka meza dukani, nikatie hapohapo, na Ima akae upande wa pili. Kila kipande ninachotaka kutupa nitakiinua kwanza nimwonyeshe, na akisema si cha kutupa nitakirudisha mezani.

Sijawahi kumwomba mtu asimamie kazi yangu. Kesho baada ya misa nitamwomba.