Asimwache au Asimfukuze

Kwako Baba Yustina,

Najua umekufa, sijachanganyikiwa. Nakuandikia kwa sababu neno lako limerudi nyumbani na shida, na wewe hupo wa kulijibu. Mistari ikipinda, isome hivyo hivyo.

Unamkumbuka yule mchungaji mgeni aliyekuja hapa Nyakatuntu bila kujua Kinyambo hata cha kuombea maji? Yeye anahubiri Kiswahili, wewe umesimama pembeni na koti lako la kahawia, unatutafsiria. Siku hiyo alihubiri ndoa. Akasoma kwamba mume asimwache mkewe. Ukatazama mabenchi ya wanaume, halafu ukasema kwa Kinyambo: mume asimfukuze mkewe. Wanaume wakaitikia amina ya kutikisa mabati.

Mchana, nikikupakulia ndizi, nikakuuliza, "Tangu lini kuacha kukawa kufukuza?"

Ukacheka. "Mama Yustina, nusu ya wale wako njiani kwenda Uganda kuchuma kahawa. Ningesema asimwache nyuma, Jumapili ijayo ningemtafsiria nani?"

"Ungetutafsiria sisi tunaobaki."

Ukaomba chumvi. Ulikuwa hivyo, ukishindwa unaomba chumvi.

Sasa sikiliza. Mjukuu wako Adelina aliolewa Igurwa, wewe ukiwa umeshazikwa. Mumewe akavuka mpaka pale Murongo kwenda Uganda kutafuta kibarua, akaahidi kurudi kabla maharage hayajakomaa. Maharage yale tulivuna, tukapanda mengine, tukavuna, na huko tunasikia ana mwanamke na watoto. Adelina akafunga nguo zake akaja kwangu. Akaenda kwa wazee wa kanisa kuwauliza jambo moja: yeye bado ni mke, au yuko huru kuolewa?

Wakamwambia mumewe hajamwacha, kwa kuwa hakumfukuza. "Babu yako mwenyewe ndiye aliyetutafsiria hivyo," wakasema. Kisha wakamwambia kwamba yeye ndiye amemwacha mume, maana ameondoka kwenye nyumba yake, kwa hiyo asisogelee meza ya Bwana.

Umeona kazi yako? Mwanamume akivuka mpaka, kuacha ni kufukuza. Mwanamke akirudi kwa bibi yake, kuacha ni kuondoka. Neno moja, na kila likigeuzwa linamwangukia Adelina.

Nikajifunga kitenge, nikaenda mwenyewe. Mzee wao mmoja, yule uliyemfundisha nyimbo akiwa na kamasi, akaniambia, "Bibi, mambo ya Maandiko haya ni mazito, na wewe hukuyasomea."

"Sikuyasomea, lakini niliachwa."

"Uliachwa lini? Mzee alikaa na wewe mpaka akafa."

"Ndiyo hapo. Amekufa, ameniacha. Nani alimsikia akinifukuza?"

Mzee mwingine akacheka, akajifanya anakohoa. Yule wa nyimbo akasema, "Bibi, acha utani."

"Hiyo nayo ni acha ipi? Niufukuze?"

Wakasema watakaa tena. Sijui watakaa lini, wala sikungoja chai yao.

Adelina yupo, anapalilia migomba. Anakula kidogo, lakini anakula. Juzi aliniuliza kama ni kweli babu alisema vile. Nikamwambia ni kweli, ulisema, na ulijua unachosema. Sikukusafisha. Ulikuwa mume mwema kwangu na mtafsiri mwoga, na yote mawili nimemweleza. Akarudi na jembe lake shambani.

Ungekuwa hai ningekuvuta kwa hilo koti mpaka mbele ya kanisa ulisome upya neno lile. Hupo. Nitaenda mimi, na watanisikia hata wakinichoka.

Wewe pumzika huko. Chumvi ipo, hakuna anayeiomba.

Ni mimi mkeo,
hukunifukuza, umeniacha.