Mstari wa Paji la Uso

Kwihara,
Tabora.
9 Oktoba 1974

Mpendwa mwanangu Paskazia,

Marahaba. Habari za Bukoba, na kifua cha mtoto kimetulia? Sisi wazima, ila uchovu. Kuhamia kijiji cha ujamaa kumetumaliza migongo, na mvua bado.

Telegramu uliyopelekewa, kwamba mabaki ya baba yako yamepatikana na kaka yetu Mahona ndiye aliyemuua, haikuwa kweli. Vua nguo za msiba.

Watu waliokuwa wakichimba msingi wa ghala katika shamba la zamani la Mahona, kando ya njia ya misafara, walifukua fuvu. Lilikuwa na mstari kutoka juu ya pua hadi utosini. Wakasema ni shoka. Wakakumbuka ndugu wale wawili waligombania shamba hilo, kisha baba yako Modest akaondoka asirudi. Jioni ile Mahona alilala mahabusu, nasi tukaweka matanga. Shangazi yako Koleta alikataa hata kumpelekea uji.

Daktari wa mjini aliliosha fuvu, akanionyesha. Mstari umepindapinda kama mshono, mifupa imeshikana. Alisema sote huzaliwa na paji la vipande viwili, vikaungana utotoni. Kwa watu wachache mshono hubaki hadi uzeeni, wala hauwadhuru. Kisha akauliza, "Ndugu yako alikuwa na meno yote?"

Unalikumbuka pengo la baba yako, alipoanguka na baiskeli. Fuvu lile lina meno yote ya mbele. Kijiji kizima tulitazama paji. Hakuna aliyetazama kinywa.

Huenda ni mpagazi aliyefia njiani zamani. Mahona ameachiwa. Waliomzomea wanamsalimia kana kwamba alikuwa safarini. Koleta alimpelekea uji. Akaunywa wote.

Jana alikwenda kulizika fuvu mwenyewe. Nilimwambia apumzike kwanza.

"Kanilaza mahabusu huyu," akasema, "lakini hana ndugu hapa. Nimeshajua kukaa bila ndugu."

Baba yako hatujui aliko, hilo halijabadilika.

Bibi Josepha na Koleta wanakusalimu. Mungu akulindie nyumba yako na watoto.

Jambo moja. Barua uliyomwandikia Mahona baada ya telegramu ilifika akiwa ndani. Ninayo, sijaifungua wala sijampa. Niambie niichome, kisha umwandikie nyingine.

Wako akupendaye daima,
Baba yako mdogo,
Marko