Nondo Zangu za Ukutani

Chumba cha Wadudu,
Jumba la Makumbusho, ghorofa ya chini.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini wewe, wifi na mapacha mko salama, na kwamba lile jino limeacha kukunyima usingizi. Usipoling'oa utaendelea kuwa mkali kwenye simu, nasi huku ndio tunaoumia. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua wakati wa kuinuka tu, akishasimama hakamatiki. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechoka, na sababu utaiona.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifika neno la tatu unasema "nimekuelewa, dada," kumbe hujaelewa kitu. Mume wa mdogo wetu anasafiri kuja huko keshokutwa, na nimemwapisha akukabidhi barua hii mkononi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Kaka, nimegundua nondo. Namaanisha yule mdudu anayefanana na kipepeo na kuzunguka taa, si chuma cha kujengea. Nakufafanulia mapema kwa sababu neno hilo limeshaniletea balaa. Ni nondo ambaye hajaandikwa popote wala hana jina, na wa kwanza kumtambua ni mimi, nikitoka kuoga nyumbani kwa mama. Alikuwa ametulia zake juu ya swichi ya taa.

Urembo hana, nakubali. Ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole gumba, na rangi yake ni ya ukuta ulionyeshewa. Lakini akikunjua mabawa, lile la nyuma lina mstari wa manjano uliopinda, utadhani mtu aliyekuwa jikoni alipangusia kidole pale. Papasi zake, zile pembe laini za kichwani, zimechanuka kama kitana. Ndugu zake wote wa karibu wana mistari miwili, yeye ana mmoja. Nimewalinganisha mpaka macho yamekuwa mekundu.

Shangazi aliniuliza mbele ya wageni nimejuaje kwamba ni mpya. Nikamjibu ukweli, kwamba mabawa hayatoshi, mwisho wa yote tunampasua na kutazama sehemu zake za siri kwa hadubini, maana kila aina ina umbo lake. Shangazi akaweka kikombe chini. "Miaka yote ile ya shule," akasema, "ndiyo kazi uliyopata?" Tangu siku hiyo akinitambulisha kwa watu anasema nafanya kazi ofisini.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Nimepata madume wawili tu. Niliandika maelezo yake yote, mabawa, miguu, kila kipande, nikayapeleka kwenye jarida, na mhakiki ameyarudisha. Anadai huenda ni nondo wa zamani aliyepauka rangi, na kwamba "tungependa kumwona jike." Hata mimi ningependa. Jike, kwa ninavyofikiri, haruki. Anatoka kwenye kifuko chake, anabaki papo hapo, anataga, anakufa. Na viwavi wake nimewaona kwenye mmea mmoja tu, ule unaotambaa ukuta wa nyuma wa mama. Ndio ukuta ambao wewe ulimwagiza Mjomba auvunje ajenge vyumba vyako vya wageni.

Nilipopata habari nilimtumia Mjomba ujumbe haraka haraka: "Mjomba, naomba unitunzie nondo zangu za ukutani mpaka nije Jumamosi." Akajibu, "Ondoa shaka, mama, nimeelewa."

Unajua Mjomba ni fundi mwashi tangu hatujazaliwa. Kwake nondo ni chuma, basi. Ningeandika "nondo wangu" pengine angesita, akajiuliza chuma kimeanza lini kuwa na roho. Lakini watu husema mbuzi zangu, kuku zangu, nami nikasema nondo zangu. Herufi moja tu, Kaka, na nusu ya ukuta imekwenda nayo.

Maana nilipofika, Jumamosi ya wiki iliyopita, nusu ilikuwa chini. Mjomba alikuwa amezipasua nguzo za zege kwa nyundo kubwa, akachomoa nondo moja moja bila kuikata hata moja, akazifunga kwa waya na kuandika juu yake kwa chaki "Mama Wadudu". Alinipokea uso umekunjuka. "Hata zilizopinda nimekunyooshea," akasema. Nikauliza mmea uko wapi. Mama alikuwa ameshauchoma pamoja na takataka, kwa sababu eti unaleta nyoka. Nilikaa juu ya matofali nikalia kama mtoto. Mjomba alidhani nalia kwa furaha, kisha akadhani zimepungua, akaanza kuzihesabu upya.

Nilipomweleza aliishiwa nguvu, masikini. Ningependa kumkasirikia, ila utamkasirikiaje mtu aliyechubuka viganja kwa ajili yako? Alipopata nafuu akauliza kama mdudu huyo anaweza kupewa jina lake, kwa kuwa ukuta ule aliujenga yeye. Mama naye anataka apewe jina la bibi. Shangazi amesema jina lake lisitajwe karibu na mdudu huyo kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mdudu bado yupo.

Yupo, nadhani. Imebaki nusu ya ukuta, upande wa tangi la maji. Huko mmea umesimama bado, na vifuko nimeviona kwenye mashina. Kuvihamisha haiwezekani. Nilijaribu vichache, vikakauka. Mjomba anasema yeye ni fundi tu, kazi ni ya aliyemtuma, na aliyemtuma ni wewe. Atangoja neno lako mpaka mwisho wa mwezi, kisha anamalizia kuvunja.

Siku ile uliponiambia "mdudu tu huyo, tafuta mwingine," nilikata simu ili nisikuvunjie heshima. Hakuna mwingine. Hilo ndilo nililokuwa nakueleza ulipokuwa unaniambia umenielewa.

Vyumba vyako vinaenea mbele ya nyumba, pale lilipo gari lako. Tumepima, mimi na Mjomba. Gari lile limekaa juu ya mawe bila magurudumu tangu ulipoondoka, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na hakuna anayethubutu kulisogeza kwa sababu ni la Kaka. Mama hulifuta vumbi kila wiki na magoti yake yale. Nikilitazama nashindwa hata kucheka.

Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyolelewa, nami nimekupisha. Ulipokuwa na mitihani nilihama chumba nikalala na shangazi. Ulipooa nilihama tena, na masanduku yangu ya wadudu yakawekwa nje, yakanyeshewa yote, nami nikasema si kitu. Haikuwa kweli. Iliniuma sana, na inaniuma mpaka leo. Sijawahi kukuomba jambo tangu tuwe watu wazima, na hili ninaloliomba ni nusu ya ukuta mbovu. Safari hii, Kaka, nipishe wewe.

Msalimie wifi, na uwabusu mapacha kwa niaba yangu. Mama anakusalimu na anakuombea kila siku. Shangazi anakusalimu pia. Mjomba anasema hajambo, viganja vinapona, na simu yake iko wazi. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani, na wewe akufungulie masikio kabla mwezi haujaisha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Mama Wadudu